Rafadha, Gundi na Joto la Pwani

Alfajiri ya tarehe 15 Agosti 1916 mabaharia wa Kiingereza waliteremka ufukweni Bagamoyo, huku mizinga ya manowari zao ikinguruma nyuma yao. Tanga ilikuwa imekwisha chukuliwa tarehe 7 Julai, Pangani tarehe 23 ya mwezi huohuo, na Saadani tarehe 1 Agosti. Bandari hizi kongwe zilianguka moja baada ya nyingine kutoka kaskazini kushuka kusini, mithili ya shanga zinazochomoka katika uzi uliokatika. Dar es Salaam nayo ilifuata tarehe 4 Septemba. Katika vitu vilivyotekwa Bagamoyo ulikuwamo mzinga mmoja mkubwa ambao asili yake haikuwa ya nchi kavu. Ulikuwa mzinga wa manowari ya Kijerumani Königsberg, iliyokwisha zama mwaka mmoja nyuma katika mto Rufiji.

Wakati huo Waingereza walikuwa na kituo cha ndege za majini Chukwani, kusini kidogo ya mji wa Unguja. Ndege zile zilipaa kutoka juu ya maji, zikavuka mkondo unaozitenganisha Unguja na Bara, na kwenda kutazama wapi risasi za manowari zimeangukia na wapi maadui wamejichimbia. Mtu wa Unguja aliyekuwa ufukweni miaka ile alikuwa akiona jambo ambalo babu yake hakuliota: chombo cha mbao na nguo kikikimbia juu ya maji kama ngalawa iliyopata upepo wa kusi, kisha kikayaacha maji chini.

Wanahistoria wameandika mengi kuhusu marubani wa vita hivyo. Mimi, ambaye ufundi wangu ni wa maneno tu, na huo nao sikuupata darasani, nimekuwa nikivutwa zaidi na mafundi waliobaki chini. Nani aliyevifanya vyombo vile viruke? Na kwa nini, mara nyingi, havikuruka? Ili tulijibu swali hili, yatupasa tuiache Bagamoyo kwa muda, turudi nyuma miaka miwili na kushuka kusini hadi Mafia na Rufiji, kisha tutarejea.

Vita vya baharini katika pwani yetu vilianza kwa mitambo mibovu. Tarehe 20 Septemba 1914 manowari ya Kiingereza Pegasus ilikuwa imetia nanga bandarini Unguja kwa ajili ya kutengeneza mitambo yake. Königsberg ikaja alfajiri, ikaipiga na kuizamisha mbele ya macho ya mji mzima. Mpaka leo anayekwenda kisiwa cha Chapwani atayaona makaburi ya mabaharia wake. Lakini Königsberg nayo haikufika mbali. Mtambo wake nao ulivunjika, ikalazimika kurudi kujificha ndani ya Rufiji, katikati ya mikoko, na vipande vilivyovunjika vikapelekwa Dar es Salaam kwa njia ya nchi kavu. Ni safari ya zaidi ya kilomita mia, na nguvu iliyovifikisha huko ilikuwa ya mabega ya watu. Karakana za Dar es Salaam zikavitengeneza, vikarudishwa. Mwaka uliofuata, meli ilipokwisha zama, mizinga yake ikaopolewa na kufuata njia ileile, ikatiwa magurudumu katika karakana hizohizo na kutawanywa nchi nzima. Ndiyo sababu mmoja wao ukakutwa Bagamoyo.

Meli ile iliyojificha ndiyo iliyoleta ndege katika bahari yetu. Kutoka baharini Waingereza hawakuweza kuiona, kwa kuwa mikoko iliifunika na wao wenyewe walikuwa wameegemeza matumaini kwenye milingoti. Wakamkodi rubani wa kiraia aliyekuwa Durban, H. D. Cutler, pamoja na ndege yake aina ya Curtiss, yenye kiwiliwili cha mashua. Mwezi Novemba 1914 akafikishwa kisiwa kidogo cha Niororo, karibu na Mafia. Safari yake ya kwanza alipotea mawinguni, akatua kwenye kisiwa kingine, na rejeta ya injini ikawa inavuja.

Hapa nataka tutue kidogo. Kikosi cha manowari za dola kubwa kuliko zote duniani kilikuwa kimesimama baharini, kimekwama kwa sababu ya rejeta moja inayovuja. Dawa ikatoka Mombasa, ilikopatikana rejeta ya motokaa ya Ford. Manowari ikatumwa kwenda kuichukua, ikaletwa na kufungwa kwenye ndege. Kila aliyewahi kupanda gari la abiria katika nchi zetu anaufahamu ufundi wa namna hii, wa kuchukua kiungo cha chombo kimoja ukakiuguzia chombo kingine. Ndege ikaruka, na tarehe 22 Novemba Cutler akaiona Königsberg mahali ilipojificha. Mwezi uliofuata injini ikamfia akiwa juu ya Rufiji, akatua mtoni na kutekwa. Wenzake wakaingia na mashua chini ya risasi, wakaikokota ndege mpaka baharini. Rubani akabaki mikononi mwa maadui, chombo kikaokolewa. Naamini hawakuwa na moyo mgumu. Katika upwa mzima, chombo kile hakikuwa na mwenzake.

Wajerumani nao walikuwa na yao, moja tu. Bruno Büchner, aliyekuwa bingwa wa mbio za baiskeli kabla ya kuwa rubani, alifika Dar es Salaam mwaka 1914 na ndege ya kuonyeshwa katika maonyesho makubwa yaliyopangwa kufanyika Agosti. Badala ya maonyesho vikaja vita. Mwezi Novemba ndege ikaanguka na kumuua rubani mwingine aliyeirusha, Luteni Henneberger. Mafundi wakaijenga upya na kuivalisha maboya ili ipae kutoka majini. Lakini petroli ilikuwa haba na bahari imefungwa. Injini nzima isiyo na petroli haina tofauti na mtumbwi ulioegeshwa kwenye mchanga.

Mwezi Februari 1915 zikaletwa Niororo ndege mbili aina ya Sopwith, chini ya Luteni J. T. Cull. Kwa karatasi zilikuwa bora kuliko Curtiss ya Cutler. Kwa vitendo, pwani yetu ilizishinda kabla adui hajazigusa.

Sababu ya kwanza ni hewa yenyewe. Injini huvuta hewa na kuichanganya na petroli, na rafadha huikamata hewa hiyohiyo na kuisukuma nyuma kama kasia linavyosukuma maji. Hewa ya joto ni nyepesi. Hewa ya nyuzi 32 za Selsiasi, ambayo kwetu wakati wa kaskazi ni ya kawaida, ina uzito pungufu kwa takriban asilimia sita kuliko hewa ya nyuzi 15, ambayo ndiyo kipimo cha wahandisi wa Ulaya. Injini inapumua kidogo, rafadha inashika kidogo, na bawa nalo linabebwa kidogo. Upungufu huo wa mara tatu ndio uliozifanya Sopwith zishindwe kuyaacha maji zikiwa na mtu wa pili na mabomu. Zilikimbia juu ya bahari, zikatifua povu na kelele, zikabaki palepale baharini. Ndege za Short zilizofuata mwezi Aprili zilifaulu kuipiga picha Königsberg, lakini zilipanda futi mia chache tu, kimo ambacho askari mwenye bunduki ya kawaida huweza kukifikia.

Sababu ya pili ni mafuta. Injini ya Sopwith zile, aina ya Gnome, ilikuwa na tabia ambayo fundi wa leo akiisikia hustaajabu. Mhimili wake ulisimama tuli, na silinda zote zikazunguka kuuzunguka pamoja na rafadha, ili zipate upepo wa kuzipoza. Mafuta yake ya kulainisha yalikuwa ya nyonyo, kwa kuwa mafuta ya nyonyo hayachanganyiki na petroli wala hayasafishwi nayo. Yaliingia mara moja, yakalainisha, yakarushwa nje pamoja na moshi, yakamrudia rubani usoni na nguoni. Kila saa chache za kuruka ilibidi injini ifunguliwe, masizi yakwanguliwe, na valvu zisagwe upya. Mbarika huota wenyewe pembeni mwa mashamba yetu na mabibi zetu wameutumia kutunyoosha matumbo tangu zamani, kwa hiyo harufu iliyotoka katika karakana ile ya Niororo isingekuwa ngeni kwa mtoto yeyote wa pwani aliyewahi kufungwa pua anyweshwe.

Sababu ya tatu ndiyo iliyonishika mimi zaidi, nayo ni gundi.

Rafadha za siku zile hazikuchongwa kutoka gogo moja. Zilijengwa kwa mbao nyembamba, tabaka juu ya tabaka, zikabandikwa kwa gundi na kubanwa, kisha seremala akazichonga kwa tezo ndogo, randa na msasa mpaka yakatokea mabapa mawili yaliyojipinda. Gundi ile ilichemshwa kutokana na ngozi na kwato za wanyama. Katika chumba kikavu cha Ulaya hudumu kama jiwe. Katika unyevu na joto hulainika na kurudi ilikotoka. Mbao nazo hunywa unyevu na kuvimba, jua likipanda zikakauka na kusinyaa, na kila tabaka hufanya hivyo kwa namna yake. Huko Niororo na baadaye Mafia mbao zikapinda na maungio yakaachia.

Rafadha iliyoachia tabaka moja ni hatari kuliko rafadha iliyovunjika, kwa sababu iliyovunjika inaonekana. Ikiwa bapa moja limekuwa zito kuliko jingine kwa kiasi kidogo tu, injini itatetemeka, nati zitalegea, na mabomba ya petroli yatapata nyufa. Fundi huitoa, akaipitisha kwenye fimbo laini ya chuma iliyolazwa juu ya kingo mbili, akaiachia. Bapa zito huzama lenyewe. Hapo hulipunguza, au hulitia uzito lile jepesi, mpaka rafadha ikubali kukaa popote inapoachwa bila ya kuteremka. Kisha huifunga, huizungusha polepole kwa mkono, na kutazama kama ncha ya bapa la pili inapita palepale ilipopita ya kwanza. Akimaliza kazi asiiache imesimama wima usiku kucha, kwa kuwa unyevu utashukia bapa la chini na asubuhi hesabu yake yote imeharibika. Aiache imelala. Na bolti za kitovuni azikaze tena msimu unapobadilika, maana mti uliovimba wakati wa masika husinyaa wakati wa kiangazi, na bolti iliyokuwa imeuma inabaki ikicheza.

Niliposoma habari hizi kwa mara ya kwanza nilitamani kusikia neno la mtu anayeujua mti. Nikavuka kwa boti hadi Dar es Salaam, nikapanda basi hadi Bagamoyo, nikaenda ufukweni walipo waundaji wa vyombo, karibu na soko la samaki. Nilimkuta mzee mmoja anachonga taruma kwa tezo. Nikamwamkia, "Shikamoo mzee." "Marahaba, mwanangu. Karibu kivulini." Nikamweleza habari ya chombo cha mbao kilichounganishwa kwa gundi ya ngozi na kuletwa katika bahari hii wakati wa kaskazi. Akaisimamisha tezo.

"Gundi ya ngozi, baharini?"

"Ndiyo, mzee."

"Basi hao walikuwa wanawapikia samaki supu."

Akacheka mpaka akakohoa. Kisha akanionyesha mashua iliyokuwa nyuma yake, akanipitisha kwenye maungio yake mmoja baada ya mwingine. Pamba ya kalafati iliyosokomezwa kwa patasi butu, sifa iliyopakwa juu yake, misumari iliyopitishwa na kupigwa upande wa pili. Hakuna mahali mti ulipobandikwa na mti. Kila ungio limeachiwa nafasi ya kupumua, livimbe likitiwa majini, lisinyae likipandishwa pwani. Wazee wa mitepe walikwenda mbali zaidi, hawakutia hata msumari. Walizishona mbao kwa kamba za kumbi, na chombo kikapiga mawimbi kikijinyonga kama kapu.

Simaanishi kwamba mzee wa Bagamoyo angeweza kuiunda rafadha ya Sopwith, wala sipendi tabia ya siku hizi ya kudai kwamba kila kitu tulikuwa nacho. Rafadha huzunguka zaidi ya mara elfu moja kwa dakika, na kamba ya kumbi haina la kufanya hapo. Ninachosema ni kwamba somo lililowagharimu mafundi wa Kiingereza miezi na ndege kadhaa, yaani kwamba mti katika pwani hii haukubali kufungwa kwa gundi, lilikuwa likijulikana kilomita chache kutoka walipokuwa, na mwenye kulijua alikuwa akipita mbele yao kila siku na mtumbwi wake.

Hatimaye, mwezi Juni 1915, Mafia ikaletewa ndege za nchi kavu, Henri Farman mbili na Caudron mbili, ambazo hazikuwa na mzigo wa maboya, na ardhi ikasafishwa ili zipate uwanja. Tarehe 11 Julai Cull akaruka pamoja na Harwood Arnold, kijana wa Kanada, kuzielekeza manowari ndogo Severn na Mersey zilizoingia mtoni. Risasi za Königsberg zikaipata injini ya Farman yao. Cull akaiachia ndege ielee ikishuka bila ya nguvu, na Arnold, huku chini panakaribia, akaendelea kugonga ishara zake za redio kuwaeleza wapiga mizinga wasogeze wapi. Wakaanguka mtoni karibu na Mersey. Cull alinaswa na mkanda wake chini ya maji, Arnold akamsaidia kujinasua. Königsberg ikaishia siku hiyo. Kwa rubani, injini iliyokufa juu ya maji ni msiba. Kwa siku ile moja ilitokea kwamba ilikuwa imekwisha maliza kazi yake.

Wengine hawakupata bahati hiyo. Mwezi Januari 1917 injini iliwafia Edwin Moon na Kamanda Bridgeman juu ya Rufiji ileile. Wakatangatanga siku kadhaa katika mikoko na vijito bila ya chakula. Bridgeman akafa. Moon akatekwa, akaishi, na kufa mwaka 1920 katika ajali nyingine ya ndege huko kwao Uingereza.

Majina haya, Cutler, Cull, Arnold, Moon, yamo vitabuni. Nayo ni haki yao. Lakini ndege moja ilihitaji petroli, mafuta ya nyonyo, vyuma vya akiba, turubai, maji matamu ya kuoshea chumvi, na vyote hivyo vilikuwa na miguu. Mwaka 1916 ndege za majini zilipelekwa hata ziwa Tanganyika, Wabelgiji wakazitumia kuishambulia Kigoma. Fikiria tu, mpenzi msomaji, njia yote ile kutoka baharini. Na turejee sasa Bagamoyo tulikoanzia. Baada ya mji kutekwa, jeshi lilitoka hapo kwenda Dar es Salaam kwa miguu, na pamoja nalo walikwenda wapagazi wa Unguja waliokusanywa na Askofu Frank Weston, aliyepewa cheo cha meja kwa ajili ya kazi hiyo na kutembea nao. Bagamoyo ilikuwa imekwisha waona wapagazi wa kila namna, wa pembe na wa watumwa. Hawa walikuwa wapagazi wa vita vya injini. Kumbukumbu yao kubwa kabisa ni jina la mtaa na soko, Kariakoo, ambalo ni jina la kikosi chao cha Kiingereza lililotafunwa na ndimi za Kiswahili mpaka likawa letu. Wauza nyanya wa pale wanaukumbuka mzigo bila ya kujua.

Na hapo ndipo lugha inaponivuta katika habari hii. Miaka kumi na mingi iliyopita kijana mmoja wa mtaani kwetu, aliyekuwa akijifunza kazi katika karakana ya ndege ndogo, aliniletea kurasa za kitabu cha matengenezo, sura inayohusu rafadha. Alikuwa anafahamu kazi kwa mikono, lakini Kiingereza cha kitabu kilimsumbua na mtihani ulikuwa unakaribia. "Ami," akaniambia, "wewe umetafsiri mashairi, hili litakushinda?" Nilidhani ni kazi ya usiku mmoja. Ilinichukua majuma matatu.

Nilishangaa kuona ni kwa kiasi gani anga letu limekopa baharini. Rubani, kabla ya kupanda angani, alikuwa mwenye kuongoza chombo cha bahari. Neno ni la Kiarabu, na mabaharia wetu walikuwa nalo kabla ya ndege kuwako. Rafadha ilikuwa ya meli ya moshi kabla ya kuwa ya ndege. Usukani ni uleule wa jahazi. Ndege yenyewe ni yule wa mtini, ambaye wahenga walimtazama upande anaoruka ili kujua safari ina heri au shari, hata tukasema ndege njema na ndege mbaya. Na ukimwuliza mtu wa Bara akuonyeshe rafadha, huenda akakwambia pangaboi. Neno hili lina historia ya kuhuzunisha. Pankha ni kipepeo kwa Kihindi, na boi alikuwa mtumishi aliyeketi pembeni akivuta kamba ili kipepeo cha darini kimpepee bwana. Umeme ukaja, mtumishi akaondoka, jina lake likabaki katika mashine. Kila feni inayozunguka inamtaja mtu aliyekuwa akivuta kamba, na hatumkumbuki.

Nilichagua rafadha. Bapa likawa bapa, kitovu kikawa kitovu, na kwa makali ya mbele sikuhitaji kutafuta. Pale niliposhindwa niliandika maelezo badala ya neno, kwani heri sentensi nzima inayoeleweka kuliko istilahi moja ya kubuni inayomwacha fundi gizani na chombo chenye roho za watu. Kijana aliposoma aliniuliza, "Ami, nikisema rafadha karakanani, watanielewa? Kule wote wanasema propela." Nikamwambia aseme propela na aandike rafadha. Sina hakika kama nilimjibu vizuri. Mtihani alifaulu, kwa Kiingereza.

Mwaka jana alinichukua kumtembelea kazini, katika uwanja wa Saadani, kaskazini ya Bagamoyo, ambako ndege ndogo hushusha wageni wa mbuga inayoishia baharini. Sasa naye ana mvi. Ndege iliyokuwapo ilikuwa Cessna Caravan, yenye injini moja ya tabo na rafadha ya chuma yenye kipenyo cha karibu mita 2.7. Gundi haimo tena. Maadui wa siku hizi ni chumvi na changarawe. Chumvi ya upepo wa bahari huingia ndani ya injini na kuanza kula mabapa madogo ya ndani, kwa hiyo injini huoshwa kwa maji safi, ikanyweshwa maji huku ikizungushwa. Changarawe hunyonywa kutoka kiwanjani na kuigonga rafadha, ambayo hufikisha mizunguko 1,900 kwa dakika, na ncha yake hukata hewa kwa mwendo wa zaidi ya mita 260 kwa sekunde. Kwa mwendo huo kokoto ni tindo. Huacha kidonda kidogo kwenye makali ya mbele, na kidonda chenye kona kali ndipo ufa unapoanzia, mwembamba kama unywele, mpaka siku bapa linapokatika. Dawa yake ni tupa. Fundi hukifuata kidonda kwa urefu wa bapa, asikate kwa upana, akakifanya bonde pana lisilo na kona, akasugua kwa msasa, akapaka rangi, na kuandika kitabuni alichofanya, tarehe na sahihi.

Rubani alikuwa amekwisha izunguka ndege na kuridhika. Abiria walikuwa kivulini na mabegi yao. Mwenyeji wangu akasogea, akaweka kiganja kwenye makali ya bapa la kwanza, akakipitisha polepole kutoka kitovuni hadi nchani, akitazama pembeni, si kwenye bapa, kama mtu anayesikiliza. Akafanya hivyo kwa la pili. Kwenye la tatu mkono ukasimama. Akarudi nyuma kidogo, akapita tena kwa ukucha.

"Nipe tupa ile ndogo, Ami," akasema. "Na waambie wageni wakae kwanza."

Tukakaa. Upepo wa matlai ulikuwa unaanza, na kwa muda mrefu kiwanjani haikusikika sauti nyingine isipokuwa ile ya chuma laini kikilambwa na chuma kigumu.